Dowding na Zile Dakika Nne

Wakubwa, shikamooni. Vijana mnaosomea urubani, ufundi wa ndege na uongozaji wa safari za anga, habari za mchana.

Leo tunamzungumzia Hugh Dowding, ofisa wa Jeshi la Anga la Kifalme aliyeongoza ulinzi wa anga ya Uingereza kuanzia Julai 1936 hadi Novemba 1940. Vita vya anga vya mwaka 1940 kati ya Uingereza na Ujerumani vikitajwa, wengi huwaza ndege za Spitfire na vijana waliozirusha. Vijana hao wanastahili kila sifa. Lakini ndege ya kupambana iliyo angani bila kujua adui yuko wapi inateketeza mafuta tu. Aliyehakikisha rubani anajua pa kwenda ni mzee wa miaka 58, mkimya, mgumu wa kucheka, ambaye alitumia robo karne kujiandaa kwa kazi ile bila kujua anajiandaa. Tuifuate kazi yake kwa swali moja: habari ilichukua muda gani kutoka kwenye mnara wa rada hadi sikioni mwa rubani, na ilipotea wapi njiani?

Alizaliwa Moffat, kusini mwa Scotland, tarehe 24 Aprili 1882. Alisoma Winchester, kisha chuo cha kijeshi cha Woolwich, akaingia jeshi la mizinga mwaka 1900. Alitumikia Gibraltar, Ceylon, Hong Kong na India. Wanaoandika habari zake hupita haraka hapo, nami naona wanakosea. Ofisa wa mizinga hufundishwa kumpiga adui asiyemwona kwa macho, akitegemea vipimo anavyoletewa na mtu mwingine kwa waya au kwa bendera. Kipimo kikichelewa au kikikosewa, kombora linaanguka patupu hata kama mzinga ni mzuri na wapiga mizinga ni hodari. Tabia ya kukiamini kipimo, na kukitilia shaka pia, aliipata huko.

Alijifunza kurusha ndege Brooklands akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha ukamanda cha Camberley, na alipata leseni Desemba 1913, akiwa na miaka 31. Vita vya Kwanza vilipoanza alikuwa tayari mtu wa anga. Mwaka 1915 alipewa kituo cha majaribio ya redio hapohapo Brooklands. Wakati huo mawasiliano kati ya ndege na ardhi yalikuwa ya kugonga alama tu. Kituo chake kilijaribu kupeleka sauti ya mtu, ikafika. Dowding mwenyewe alisema baadaye kwamba huenda yeye ndiye mtu wa kwanza Uingereza kusikia maneno yakitoka kwenye ndege iliyo angani. Wizara ya Vita haikuona faida yake, na jambo likawekwa kando. Miaka 25 baadaye ulinzi wa nchi nzima ulisimama juu ya jambo hilohilo.

Mwaka 1916, kwenye mapigano ya Somme, aliongoza kundi la vikosi vya ndege. Kikosi cha 60 kilipopoteza watu wengi mno, alimwomba Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi la anga huko Ufaransa, akitoe mstari wa mbele kipumzike. Kikosi kilitolewa, lakini Trenchard alimwona mtu wa kukata tamaa, na haukupita muda Dowding akarudishwa Uingereza kwenye mafunzo. Hakuongoza tena vitani Ufaransa. Kumbukeni tukio hili, kwa maana mwaka 1940 alirudia uamuzi uleule, safari hiyo akiwa na mamlaka ya kuutekeleza mwenyewe.

Miaka ya ishirini nitaipita upesi: makao makuu ya Iraq, idara ya mafunzo, safari ya Palestina mwaka 1929. Mkewe alifariki mwaka 1920, akamwachia mtoto mchanga, Derek. Derek alikuja kuwa rubani wa Spitfire katika Kikosi cha 74, na alipigana chini ya baba yake.

Kipindi kinachostahili tukikalie ni kuanzia tarehe 1 Septemba 1930, alipoingia kwenye Baraza la Anga kama mjumbe wa ugavi na utafiti. Alianza vibaya. Mwezi mmoja tu baada ya kushika kazi aliletewa suala la chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi, R101, kilichotakiwa kwenda India. Alisafiri ndani yake kwenye safari ya mwisho ya majaribio. Majaribio yalikuwa mafupi na hali ya hewa ilikuwa tulivu, lakini wanasiasa walikuwa na haraka na safari ikaruhusiwa. Tarehe 5 Oktoba kilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, na kati ya watu 54 waliokuwamo, 48 walikufa. Dowding alisema baadaye kwamba alipaswa kushikilia majaribio marefu zaidi. Tangu hapo hakukubali kifaa kwa maneno ya mtu. Alitaka akione kikifanya kazi kwanza.

Ndivyo rada ilivyozaliwa. Mwanzoni mwa 1935 Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walipiga hesabu zikaonyesha kwamba ndege hurudisha mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yanaweza kupokelewa ardhini. Maombi ya fedha, takribani pauni 10,000, yalifika mezani kwa Dowding. Jibu lake lilikuwa kwamba hesabu inaweza kuthibitisha chochote, basi nionyesheni. Tarehe 26 Februari 1935 gari lenye vipokezi liliegeshwa shambani karibu na kituo cha redio cha BBC cha Daventry, ambacho tayari kilikuwa kikirusha matangazo kwa mawimbi ya mita 49. Ndege ya mabomu aina ya Heyford ikapita juu huku na huku. Kwenye kioo cha kipokezi doa la mwanga lilitikisika ndege ikiwa hadi kilomita 13 mbali. Fedha zikatoka.

Ni katika kiti hichohicho alisimamia mahitaji yaliyozaa Hurricane na Spitfire: ndege za bawa moja, zenye bunduki nane za Browning. Hurricane iliruka mara ya kwanza Novemba 1935, Spitfire Machi 1936. Vijana wa ufundi, fanyeni hesabu hii. Kila bunduki ya Spitfire ilikuwa na risasi zipatazo 300 na ilifyatua kama 1,150 kwa dakika. Rubani alikuwa na sekunde zisizozidi 16 za kufyatua kwa safari nzima. Ndiyo maana kumfikisha mahali sahihi kulikuwa na thamani kuliko kumwongezea mwendo.

Tarehe 14 Julai 1936 alikabidhiwa Kamandi mpya ya Ndege za Kupambana, yenye makao katika jumba la Bentley Priory, Stanmore, kaskazini-magharibi mwa London. Januari 1937 alipanda hadi cheo cha nyota nne, sawa na jenerali kamili wa nchi kavu. Mmoja wa waliotangulia kushika ulinzi wa anga ya Uingereza, kati ya 1933 na 1935, ni Robert Brooke-Popham, ambaye watu wa Kenya wanamjua kama gavana wao wa 1937 hadi 1939. Lakini ulinzi wa zama zake ulitegemea masikio. Vioo vikubwa vya zege vilijengwa pwani kunasa mvumo wa injini, na kadiri ndege zilivyoongeza mwendo, onyo la vioo hivyo lilibaki dakika chache zisizotosha kitu.

Sasa tuingie kwenye mtambo wenyewe. Nitausimulia kwa mwendo wa habari, tangu ndege ya adui inapoonekana.

Pwani ya mashariki na kusini ilisimamishwa vituo vya rada. Minara ya kurushia ilikuwa ya chuma, urefu wa mita 110; ya kupokelea ilikuwa ya mbao, mita 73. Vituo viliona ndege zilizo juu sana hata umbali wa kilomita 130 au zaidi. Zilizopita chini ya mawimbi ziliwatoroka, hivyo vikaongezwa vituo vya pili vya mawimbi mafupi ya mita moja na nusu, vyenye antena ya kuzunguka. Mhudumu, mara nyingi binti wa jeshi la anga, alisoma umbali kwenye kioo, uelekeo kwa kuzungusha kitasa, na idadi ya ndege kwa umbo la mwangwi. Umbali ulikuwa sahihi. Uelekeo ulikuwa na kasoro za nyuzi kadhaa. Urefu kutoka ardhini ulikuwa tatizo sugu, maana ulipatikana kwa kulinganisha nguvu za mawimbi kwenye antena mbili za kimo tofauti, na kila kituo kilikuwa na upotovu wake kulingana na ardhi iliyokizunguka. Idadi ilihitaji uzoefu; mhudumu mgeni angeweza kuona 20 pale penye 50.

Vituo vyote vilipiga simu mahali pamoja: chumba cha kuchujia, chini ya ardhi pale Bentley Priory. Hapo ndipo akili ya Dowding ilipo. Ndege moja ikionwa na vituo vitatu inaleta alama tatu zisizolingana. Ukizipeleka zote mezani, kamanda ataona mashambulizi matatu. Maofisa wa chumba kile walishika umbali kutoka kila kituo, wakautupa uelekeo usioaminika, wakachora pinde mbili au tatu na kuchukua mahali zinapokatana. Kisha walilinganisha na orodha ya safari za ndege zao wenyewe, wakaipa alama jina: adui, rafiki, au haijulikani. Alama iliyosafishwa tu ndiyo iliyotoka nje ya chumba kile.

Kutoka hapo ilipelekwa wakati mmoja kwenye meza ya kamandi, meza za makundi na meza za sekta. Kamandi iligawanywa makundi manne. Kundi la 11, kusini-mashariki, lilikuwa chini ya Keith Park, mtu wa New Zealand, makao Uxbridge. Kundi la 10, kusini-magharibi, chini ya Quintin Brand wa Afrika Kusini. La 12, katikati, chini ya Trafford Leigh-Mallory. La 13, kaskazini, chini ya Richard Saul. Kundi liliamua kikosi gani kiruke na lini. Sekta, yaani sehemu ndogo ya kundi, ndiyo iliyozungumza na marubani kwa redio. Kundi la 11 lilikuwa na sekta saba: Tangmere, Kenley, Biggin Hill, Hornchurch, North Weald, Debden na Northolt.

Mawimbi yalitazama baharini tu. Ndege ikishavuka pwani, rada haikuiona. Kazi ilishikwa na Kikosi cha Watazamaji: raia wapatao 30,000 kwenye vibanda takribani 1,000, wenye darubini, simu na chombo chepesi cha kupimia pembe. Siku ya jua walikuwa sahihi kuliko rada, hasa kwa kuhesabu na kutambua aina. Wingu likitanda walibaki na masikio, na hapo meza zilianza kukosea.

Mezani, mabinti walisogeza vibao kwa vijiti virefu. Kila kibao kilionyesha namba ya shambulio, idadi na kimo. Saa ya ukutani ilipakwa rangi tatu, nyekundu, manjano na bluu, kwa vipande vya dakika tano tano, na mshale uliowekwa mezani ulifuata rangi ya wakati huo. Kamanda akitazama kutoka rosheni ya juu aliona kwa rangi tu ni habari ipi mpya na ipi imepitwa. Mimi nauona huo kuwa ubunifu mkubwa sawa na rada yenyewe. Habari iliyochakaa inadanganya kuliko kukosa habari, na pale ilijitangaza yenyewe kuwa imechakaa.

Kulikuwa na swali la pili gumu: ndege zetu ziko wapi? Sekta haiwezi kumwelekeza rubani ikiwa haijui alipo. Jibu lilikuwa saa ndogo iliyofungwa kwenye redio ya ndege moja ya kila kundi dogo. Kwa sekunde 14 za kila dakika redio ilirusha mlio yenyewe, na vituo vitatu ardhini vikapima ulikotoka. Mistari mitatu ikivutwa mezani, inapokatana ndipo rubani alipo. Dakika moja ilitosha ndege nne kupeana zamu, kwa hiyo sekta ilifuatilia makundi madogo manne kwa mpigo. Kasoro yake ilikuwa ya kibinadamu. Rubani aliyeruka kwa haraka alisahau kuiwasha, na sekta ilimwuliza kwa maneno ya siri kama jogoo wake anawika. Pia wakati mlio ukitoka, rubani huyo hakuweza kusema.

Kumkutanisha na adui kulitumia pembe tatu, matunda ya majaribio ya Biggin Hill yaliyoanza 1936 chini ya mwanasayansi Henry Tizard. Vuta mstari kutoka ndege yako hadi ndege ya adui. Tazama njia ya adui inafanya pembe gani na mstari huo. Mpe rubani wako pembe ileile kwa upande wake. Kama mwendo wao unalingana, watakutana kwenye ncha. Kama wako ana mwendo zaidi, atatangulia. Ndege za mabomu zikibadili njia, unaanza upya. Mwongozaji mzoefu aliifanya kwa jicho, bila rula.

Sasa zile dakika nne. Kutoka kioo cha rada hadi meza ya sekta, kupitia simu, kuchujwa na kupangwa, zilipita kama dakika nne. Ndege ya mabomu inayokwenda kilomita 290 kwa saa husafiri kilomita 19 ndani ya muda huo. Spitfire ilihitaji takribani dakika 13 tangu amri hadi kufika mita 6,000 juu. Hurricane takribani 16. Sehemu nyembamba ya mlango wa bahari, kule Dover, ina kilomita 34 tu, yaani dakika saba za ndege ya mabomu. Ukijumlisha, utaona kwamba Park alilazimika kutoa amri wakati adui bado anajipanga juu ya Ufaransa, kabla hajajua ni shambulio la kweli au la kulaghai. Marubani waliwekwa ngazi ngazi: waliopumzishwa, walio tayari kwa dakika tano, na walioketi ndani ya ndege tayari kwa dakika mbili. Taa za ukutani Uxbridge zilionyesha kila kikosi kiko ngazi ipi.

Mtambo huu ulianza kwa kuua watu wake. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya vita kutangazwa, tahadhari ya uongo iliinua Hurricane za North Weald. Rada haikuweza kutofautisha vizuri mwangwi unaotoka mbele na unaotoka nyuma, kwa hiyo ndege za nyumbani, zilizokuwa bara, zilisomeka kama adui anayetoka baharini. Kila kikosi kilichoinuliwa kiliongeza adui mezani, na kila adui mpya aliinua kikosi kingine. Spitfire za Hornchurch zikazishambulia Hurricane mbili. Rubani mmoja akafa. Hapakuwa na ndege ya Ujerumani hata moja. Baada ya hapo kulikazwa ufungaji wa kifaa cha utambulisho, ambacho hurudisha wimbi la rada likiwa limevimba, ili mhudumu ajue huyu ni wetu.

Mei 1940 Ufaransa ilipokuwa ikianguka, kila siku zilitakiwa Hurricane zaidi kuvuka bahari. Tarehe 15 Mei Dowding alikwenda mwenyewe mbele ya Baraza la Vita. Kesho yake aliiandikia Wizara ya Anga barua yenye hoja kumi. Msingi wake ni hesabu: ilikubaliwa kwamba ulinzi wa nyumbani unahitaji vikosi 52, na sasa vimebaki sawa na 36. Aliitaka wizara itaje kiwango ambacho chini yake hakuna ndege itakayotoka tena. Alimaliza kwa kusema kwamba ulinzi wa nyumbani ukikaushwa kwa kujaribu kuiokoa Ufaransa, kushindwa Ufaransa kutaleta kushindwa kwa Uingereza kwa mwisho na bila tiba.

Barua haikuzuia kila kitu. Siku hiyohiyo Baraza lilikubali kupeleka vikosi vinne, na Waziri Mkuu Churchill, akiwa Paris, aliomba sita zaidi. Mkuu wa jeshi la anga, Cyril Newall, alitafuta njia ya kati: vikosi sita viruke kila siku kwenda viwanja vya Ufaransa na kurudi kulala Uingereza. Hata hivyo Hurricane zaidi ya 380 zilipotea katika kampeni ile. Norway nayo ilichukua chake. Kikosi cha 46, ambacho baadaye kilibeba jina la Uganda, kilitua na Hurricane zake kwenye meli ya kubebea ndege ya Glorious, jambo lililodhaniwa haliwezekani, na kesho yake, tarehe 8 Juni, meli ikazamishwa. Marubani wawili tu wa kikosi hicho waliokuwa ndani walinusurika. Ukizipima hasara hizo na vikosi 36, utaielewa barua.

Vita vyenyewe huhesabiwa kuanzia tarehe 10 Julai hadi 31 Oktoba 1940. Sitavisimulia siku kwa siku. Nitaonyesha mtambo ulivyoguswa.

Tarehe 12 Agosti Wajerumani walipiga vituo vya rada vya Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Vitatu vya kwanza vilirudi kazini baada ya saa chache. Ventnor kiliumia kweli. Minara ya fremu ni migumu kuangusha, kwa sababu mlipuko hupita katikati ya vyuma. Kilichokuwa dhaifu ni vibanda vya mitambo na nyaya za umeme chini yake. Wajerumani hawakuendelea na kazi hiyo, kwa kuwa hawakuelewa habari za minara zinakwenda wapi baada ya kupokelewa.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa sekta. Chumba cha kamandi na cha Kundi la 11 vilikuwa chini ya ardhi. Cha Uxbridge kilikuwa mita 18 chini. Vyumba vya sekta vilikuwa juu ya ardhi, ndani ya viwanja vya ndege vilevile vilivyokuwa vikipigwa mabomu, na nyaya zao za simu zilipita humohumo. Kenley ilipigwa tarehe 18 Agosti, ikahamia duka la nyama mjini Caterham. Biggin Hill ilipigwa mara kwa mara mwisho wa mwezi. Mafundi wa simu wa posta waliunganisha nyaya ndani ya mashimo ya mabomu, karibu na mabomu ambayo hayajalipuka. Kuviacha vyumba vile juu lilikuwa kosa la kabla ya vita, na la Kamandi yake pia, ingawa yeye alikuwa amepigania viwanja viwe na njia za zege na sehemu muhimu zikingwe.

Kimo nacho kilizua balaa. Marubani walipokuta mara nyingi adui yuko juu yao, kila mtu alijiongezea. Kundi likisema futi 16,000, sekta iliongeza elfu moja au mbili, kiongozi wa kikosi akaongeza nyingine. Matokeo yake ndege za mabomu zikapita chini bila kuguswa. Park aliandika maagizo makali mwanzoni mwa Septemba kuikomesha tabia hiyo. Mnaosomea uongozaji wa ndege mtaona hapo kanuni ya kazi yenu: kasoro ya kifaa isahihishwe mahali pamoja tu.

Upungufu uliomkosesha Dowding usingizi ulikuwa wa marubani, si wa ndege. Viwanda vilitoa zaidi ya ndege za kupambana 400 kwa mwezi. Marubani walifundishwa kwa haraka. Kozi ya mwisho ya wiki nne ilipunguzwa hadi mbili, na wapo waliofika kikosini wakiwa hawajawahi kufyatua bunduki angani. Tarehe 8 Septemba alipanga vikosi kwa madaraja matatu. Daraja A, la kusini-mashariki, lilijazwa watu kamili. Daraja B lilikuwa akiba inayoweza kuingia nzima. Daraja C liliachiwa wazoefu watano au sita wa kufundisha wageni, na wengine wote wakapelekwa kusini. Hakuupenda mpango huo, kwa sababu ulivunja vikosi vilivyozoeana. Aliukubali kwa kuwa hesabu ilimlazimisha. Marubani na wahudumu wa ndege 544 wa Kamandi yake walikufa katika vita vile.

Nisiseme alikuwa mtu asiye na makosa. Marubani wake waliingia vitani wakiruka tatu tatu kwa kubanana, kwa mbinu zilizotungwa kabla ya vita, ambapo wawili kati ya watatu walikuwa wakimtazama kiongozi badala ya anga. Wajerumani waliruka nne nne, wametawanyika. Bunduki zilirekebishwa ziungane kwenye umbali wa mita 366, na wazoefu wakaomba 229 ndipo zikavunja ndege kweli. Chumba kimoja cha kuchujia kwa nchi nzima kililemewa siku za mashambulizi mengi, na alikataa kukigawa kwa makundi. Na ugomvi wa Park na Leigh-Mallory aliuacha ukaiva. Leigh-Mallory alitaka vikosi vitatu hadi vitano vijikusanye kwanza, vipige kwa pamoja. Park alisema muda wa kujikusanya hana. Viwanja vyake vitakuwa vimepigwa. Ukizikumbuka dakika 13 na dakika saba, mnajua nani alikuwa na haki kwa eneo la Kundi la 11. Lakini kazi ya kulimaliza jambo hilo ilikuwa ya Dowding, na hakulimaliza.

Alilipa. Tarehe 17 Oktoba kulikuwa na kikao wizarani, ambako Leigh-Mallory alimleta Douglas Bader, kiongozi wa kikosi kimoja tu, atetee mbinu hiyo ya vikosi vingi kwa pamoja. Juu ya hilo, mabomu ya usiku yalikuwa yakiiteketeza London na Kamandi haikuwa na jibu. Wakubwa walitaka Hurricane zipelekwe usiku. Dowding alisema jicho la rubani gizani halitoshi, na kwamba inahitajika rada ndogo ndani ya ndege yenye watu wawili. Rada ya kwanza ya namna hiyo ilipoteza shabaha ikikaribia sana, kabla rubani hajaona kitu. Na kwa mbali iliishia kwenye kimo cha ndege yenyewe, kwa sababu mwangwi wa ardhi ulifunika kila kitu kilicho nyuma zaidi. Toleo la nne lilipunguza umbali wa karibu hadi kama mita 120, likafungwa kwenye ndege ya watu wawili, Beaufighter. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 John Cunningham aliiangusha nayo ndege ya kwanza. Chini ya wiki moja baadaye Dowding aliondolewa, akaingia Sholto Douglas.

Tangu 1938 wizara ilikuwa imemwandikia tarehe ya kustaafu na kuiahirisha mara kadhaa, hata katikati ya vita. Alipelekwa Marekani kwa shughuli za ununuzi wa ndege, akastaafu Julai 1942, na mwaka 1943 akapewa ubaroni wa Bentley Priory. Cheo cha juu kabisa cha jeshi lake, ambacho Newall na Douglas walikipata, yeye hakupewa kamwe. Alifariki tarehe 15 Februari 1970, na majivu yake yako Westminster Abbey.

Kuhusu usiku, hesabu ilikuja baadaye. Vituo vya rada ya kuongoza kutoka ardhini, vyenye kioo kinachoonyesha ndege mbili kwa pamoja kama zinavyotazamwa kutoka juu, vilianza kazi mapema 1941 na kuondoa kabisa dakika nne za kuchuja. Ndege za kupambana za usiku ziliangusha ndege tatu Januari, nne Februari, 22 Machi, 48 Aprili na 96 Mei.

Ramani ya sekta saba za Kundi la 11 iko ukutani nyuma yangu, na pembeni yake kuna uzi na kalamu za rangi tatu. Wenye maswali wasogee. Tuanze na shambulio linalovuka Dover kwenye mita 5,000, na mniambie sekta ipi inainua kikosi, dakika ya ngapi.